Hodi na Sitara: Kuhusu Kazi za Marehemu Mohamed Amin, Msafiri na Mpiga Picha

Wasomaji wetu wamezoea kutuona katika karatasi hizi tukiuliza neno limetoka wapi, na desturi gani imelichukua. Leo twataka kufanya kazi iliyo jirani ya hiyo: kuzipima kazi za mtu mmoja kwa maneno mawili ambayo kila mtoto wa pwani huyajua kabla hajajua kuhesabu. La kwanza ni hodi, neno ambalo mtu hulitamka akiwa nje ya mlango, naye haingii mpaka asikie karibu. La pili ni sitara, yaani kile kinachofunika mwili wa mtu, na aibu yake, na maiti yake. Mtu mwenyewe ni Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, akalelewa Dar es Salaam, akafa baharini karibu na Ngazija tarehe 23 Novemba 1996. Alikuwa mpiga picha za habari, mtengenezaji wa filamu za mambo ya kweli, na mtoaji wa vitabu vya safari. Na kazi yake, tokea mwanzo hata mwisho, ilikuwa kuingia katika nyumba za watu.

Twajua kwamba wako watakaosema si haki kumpima mtu wa kamera kwa adabu ya mlangoni. Habari haingoji, watasema, na mwenye kungoja aambiwe karibu atafika mambo yamekwisha. Hoja hiyo twaiheshimu, na tutairudia mahali pake. Lakini Mohamed Amin hakuwa mgeni aliyeshuka melini jana, asijue watu huingiaje kwa watu. Alikulia mji wa Waswahili, na Kiswahili alikijua. Kumpima kwa desturi za mji ule ni kumhesabu kuwa mtu wa pale, na heshima hiyo wachache waliosimulia habari zake wamempa.

Baba yake, mtu wa asili ya Punjab, alifanya kazi ya reli. Reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na zile za Tanganyika mwaka 1948 zikawa shirika moja, na tangu hapo mfanyakazi wa Nairobi aliweza kupelekwa Dar es Salaam kama vile karani apelekwavyo kutoka chumba hiki hata kile. Hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 nyumba hii ilihamia pwani. Mji waliouingia ulikuwa umekatwa mapande matatu na watawala: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini penye maduka, kisha uwanja wa Mnazi Mmoja, na ng'ambo yake Kariakoo na mitaa mingine ya Waafrika. Uwanja ule wa katikati haukuwa mahali pa kupunga hewa tu, ulikuwa mpaka. Hata shule zilitengwa kwa asili za watu, na mtoto wa Kihindi alisoma na watoto wa Kihindi.

Ila mpaka wa serikali ni jambo moja, na njia ya watu ni jambo jingine. Samaki na mboga zilizopikwa Uhindini zilitoka sokoni. Mtu wa Kariakoo naye alivuka Mnazi Mmoja jioni kwenda Empire au Avalon kutazama senema za Bombay, akarudi kwake akiimba nyimbo ambazo maneno yake hakuyaelewa. Lugha iliyovuka uwanja ule pande zote mbili ilikuwa Kiswahili: Kiswahili cha dukani chenye haraka, ambacho walimu wa sarufi hukidharau, nacho ndicho kilichowafanya watu wasiosoma pamoja waweze kununuliana, kudaiana, na kutaniana. Katika mji huo kijana huyu alipata kamera yake ya kwanza, akiwa bado mwanafunzi, akaanza kuuza picha kwa magazeti. Mashindano makubwa ya motokaa ya Afrika Mashariki yalikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyapiga picha. Kijana wa shule ambaye ameona kwamba vumbi la motokaa la jana laweza kuwa shilingi leo, amekwisha kupata kazi yake ya maisha.

Na tusimame kidogo hapa Kariakoo, kwa maana jina lake lina neno la kutufundisha. Wajerumani walijenga jumba la soko mahali pale kabla ya vita ya 1914. Waingereza walipouteka mji walipafanya kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Soko lilipofunguliwa mwaka 1923, kikosi kilikuwa kimekwisha kuvunjwa, lakini jina lilibaki. Watu walikuwa wamelitwaa jina lile gumu, wakalipunguza meno, wakalipa vokali, likawa lao; na jina hilo limedumu hata lilipojengwa soko jipya lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, tena hata baada ya moto wa Julai 2021. Ndani ya jina hilo wamelala maelfu ya watu waliobeba mizigo ya vita na kufa njiani, wala majina yao wenyewe hayakuandikwa. Msomaji alishike jambo hili, kwa sababu tutalihitaji tutakapofika Korem.

Sasa juu ya neno la kazi yenyewe. Wazee walisema sanamu, wakimaanisha mchoro na mchongo pamoja. Baadaye neno picha lilikuja kutoka kwa Waingereza, nalo likaozwa kitenzi cha zamani, piga, ambacho kwetu huchukua mizigo ya kila namna: twapiga ngoma, twapiga magoti, twapiga mbizi, twapiga pasi. Mgeni anayejifunza lugha hudhani kwamba katika kupiga picha mna ukali wa fimbo. Hamna. Lakini kitenzi hicho hicho ndicho tunachokitumia mlangoni, twapiga hodi. Na ndicho tunachokitumia usiku nyumba ya jirani inapowaka moto, twapiga yowe. Maneno haya matatu, picha, hodi, na yowe, yameshikwa na kitenzi kimoja, nasi tunapoyatazama maisha ya Mohamed Amin twaona yakienda na kurudi kati ya hayo matatu.

Mwaka 1963 alianzisha Dar es Salaam kampuni yake, Camerapix, akiwa kijana wa miaka ishirini. Kazi ilikuwa bado changa mambo makubwa yalipomfikia mlangoni. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea mapinduzi ya Unguja, na kabla ya mwezi kwisha askari wa Tanganyika waliasi Dar es Salaam, na maduka ya mjini yakavunjwa. Alizipiga picha za siku zile. Tangu hapo hakuwa tena mpiga picha wa motokaa. Alikuwa mtu wa kwenda mahali ambapo wengine wanakimbia kutoka.

Unguja ilimtoza ada. Mwaka 1966 alikamatwa kule, akafungwa karibu mwezi mzima, na mwenyewe alisimulia mateso aliyoyapata gerezani. Alipotoka, makao yake yakawa Nairobi, na Dar es Salaam ikabaki nyuma. Hapa twaomba ruhusa ya kutia neno la watu wa lugha. Vitabu vya Kiingereza vilivyosimulia kifungo kile vimeliita gereza lile Kilimamigu, jina lisilo na maana kwa Mswahili. Jina ambalo Waunguja walilijua ni Kiinua Miguu, nalo kila asikiaye alielewa bila kufasiriwa. Linganisha na Kariakoo. Wapagazi na wachuuzi walilichukua neno la Kiingereza wakalipa nyumba; waandishi wa Kiingereza walilichukua neno la Kiswahili wakaliacha uchi. Kosa ni dogo, la herufi chache. Lakini latuonyesha maisha ya mtu huyu yaliangukia mikono ya nani baada ya yeye kuyaishi: yalisimuliwa na watu wasioweza kusikia majina ya mahali alipoumia.

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi mchana mbele ya duka la dawa mjini Nairobi. Mohamed Amin alifika kabla ya umati haujakusanyika, akaingia katika gari la wagonjwa, akaendelea kupiga picha njia nzima. Filamu ile ilimpa sifa kubwa Uingereza. Sisi tuliokulia penye desturi ya kumfunika mtu uso anapokata roho, hatuwezi kuitazama bila kuona haya. Pale hapakupigwa hodi wala hapakuwa na sitara. Twajua majibu: Mboya alikuwa mtu wa nchi nzima, na kifo chake kilikuwa habari ya nchi nzima, na katika siku zilizofuata, uvumi ulipokuwa ukiwachochea watu, ushahidi wa macho ulikuwa na thamani yake. Twayakubali haya yote, na haya yetu haiondoki. Ila na hili liandikwe upande wake: mwaka ule ule alitoa kitabu cha picha za kumkumbuka Mboya, akionyeshwa akiwa hai, mwenye nguo zake na maneno yake. Hatudai kujua moyo wa mtu. Mtazamaji wa kazi zile mbili pamoja huona mkono mmoja ukifunua na mkono mwingine ukifunika.

Habari za miaka iliyofuata twazipita upesi, kwa kuwa ni nyingi na nyingine zafanana: vita, mapinduzi, marais wanaopanda ndege na marais wasiorudi. Alimpiga picha mara nyingi Idi Amin wa Uganda, na mwaka 1980 alikuwa pamoja na mwandishi wa BBC, Brian Barron, walipompata mtawala huyo uhamishoni Saudi Arabia. Ni kazi za ushujaa, na wapenda ushujaa watazisoma kwingine.

Vitabu vyake vya safari ndivyo vinavyotuhusu zaidi, maana hapo mtu hana kisingizio cha haraka. Vya kwanza kwa ubora, kwa maoni yetu, ni viwili. Kimoja ni Pilgrimage to Mecca, cha mwaka 1978. Mji wa Makka haufunguliwi kwa asiye Mwislamu, nasi tunaochapa karatasi hizi katika mtambo wa misheni hatuna njia ya kuuona ila kwa macho ya mwingine. Hapa Mohamed Amin ni mwenye nyumba. Yeye mwenyewe ni mmoja wa wale walio katika picha, naye anayaona mambo kutoka ndani ya safu. Wanaume wote wamevaa ihramu, nguo ile isiyoshonwa ambayo mwenye duka na hamali wake huvaa sawasawa. Na sitara hiyo moja juu ya miili elfu nyingi ndiyo inayoipa picha nguvu yake. Hatukubaliani na dini ile, kama wasomaji wajuavyo. Lakini msafiri anayepaonyesha mahali patakatifu kwa watu wasioweza kufika, bila kupapunguza na bila kupafanyia maonyesho, amefanya kazi ya adabu, nasi twamsifu kwa ajili yake.

Cha pili ni Cradle of Mankind, cha mwaka 1981, kilichotoka katika safari ya kulizunguka ziwa la Turkana. Ni nchi ya mawe meusi ya volkano, upepo usiokwisha, na maji yenye magadi. Ni nchi ambayo wataalamu wamechimbua mifupa ya watu wa kale mno huko Koobi Fora, na ambayo Waturkana, Warendille, Wasamburu, Wagabbra, na wavuvi wachache wa El Molo wanaishi hata leo. Motokaa haliendi mbio katika nchi ile. Mtu hulazimika kulala, na akilala huulizwa ametoka wapi, na akiisha kuulizwa amekwisha kuwa mgeni wa mtu. Twadhani ugumu wa njia ulimfaa mwandishi wetu kuliko wepesi wake. Nyuso za kitabu kile zinamtazama mpiga picha kama watu wanavyomtazama mtu waliyemwona jana pia.

Kinyume chake ni vile vitabu vikubwa vya mfululizo wa safari za nchi nchi, alivyovitoa pamoja na mpiga picha mwenzake Duncan Willetts: Kenya na Pakistan mwaka 1982, na Tanzania mwaka 1984, ambacho maneno yake yaliandikwa na Peter Marshall. Ni vitabu vizito mkononi, vya rangi nzuri sana, na wengi waliviweka sebuleni kwa fahari. Hatuvichukii. Lakini aina hii ya kitabu ina ugonjwa wake, nao hauponyeki kwa wino mzuri: mlima, mnyama, jahazi, soko, mtoto anayecheka, na chini ya picha, maneno ya mtu mwingine yanayosema huyu ni mvuvi, huyu ni mwuza machungwa. Mvuvi gani? Mwana wa nani? Machungwa ya wapi, na bei gani asubuhi ile? Mtu aliyelelewa mwendo wa dakika chache kutoka Kariakoo alikuwa na lugha ya kuuliza maswali hayo, na aliyeulizwa angalijibu kwa furaha, tena kwa maneno mengi kuliko yaliyotakiwa. Kitabu kilipoandikwa kwa Kiingereza, kwa msomaji wa mbali, maswali hayo hayakuwa na mahali pa kukaa.

Wala asiseme mtu kwamba Kiswahili hakikuzoea kitabu cha safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapa Ujerumani mkusanyo wa habari za safari zilizotungwa na Waswahili wenyewe. Ndani yake yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari akieleza safari yake ya Udoe na Uzigua, na yumo Selim bin Abakari, Mngazija, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, mwaka 1896, wakapita Urusi hata Siberia. Selim alikwenda kutazama, naye akatazamwa. Watu wa kule walimkusanyikia kwa ajili ya rangi yake. Twapenda kumweka karibu na Mohamed Amin, ingawa miaka karibu mia iko kati yao. Selim hakuwa na kamera wala fedha, naye alikuwa mtumishi katika safari ya mtu mwingine. Lakini kila kitu alichokiona ilimpasa kukitafutia neno la Kiswahili, na kwa sababu hiyo alilazimika kukifahamu kwanza. Mohamed Amin alikuwa na vyombo vya kila namna, na safari ilikuwa yake mwenyewe. Na neno lilitiwa na mwenziwe, baadaye, mezani. Mmoja aliandika kwa ajili ya watu wake habari za wageni; wa pili aliwachukulia wageni habari za watu wake. Ndiyo maana safari ya mtumishi imebaki hazina ya lugha yetu, na safari ya bwana wa kamera hatuna budi kuiomba kwa Kiingereza.

Haya ndiyo tunayomdai. Sasa tuseme yale ambayo sisi twadaiwa naye.

Mwezi wa Oktoba 1984 alifika Korem, katika nyanda za juu za Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Watu maelfu walikuwa wamekusanyika pale wakingoja chakula ambacho hakikuja, na usiku wa baridi ya milimani uliwaua. Filamu ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, kisha ikachukuliwa na vituo vya televisheni zaidi ya 400 duniani. Kutokana nayo waimbaji wa Uingereza walitoa wimbo wao wa msaada Desemba ile, na tarehe 13 Julai 1985 yakafuata matamasha makubwa ya London na Philadelphia. Wengi wameandika juu ya fedha zilizopatikana. Sisi tutaitazama filamu yenyewe, kwa kuwa ni kazi ya mkono wa mtu, nayo yastahili kuhukumiwa kama kazi.

Ni alfajiri. Ukungu umelala. Kamera haikimbii, yaenda polepole juu ya watu waliojikunyata, kama mtu anayepita msibani akitafuta mahali pa kuketi. Maiti zimelazwa, nazo zimekwisha kufungwa, nyingine katika nguo, nyingine katika magunia. Mama na mtoto wake mchanga wamefungwa pamoja. Mpiga picha hakufunua. Wale waliokosa kila kitu walikuwa hawajakosa desturi ya kuwasitiri wafu wao, na jicho la mtu aliyelelewa katika desturi kama hiyo lilijua mahali pa kusimama. Tukiikumbuka ile safari ya gari la wagonjwa ya mwaka 1969, twaona kwamba miaka kumi na mitano ilimfundisha jambo. Hatusemi kwamba sitara ilitimia. Mbavu za watoto walio hai zilionekana, na macho ya wazee, na hakuna aliyeweza kukataa, maana mwenye njaa ya namna ile hana nguvu ya kusema usiniangalie.

Je, alipiga hodi? Hakupiga. Na hapa ndipo tunapoirudia ile hoja tuliyoiahidi. Desturi yetu yenyewe ina mlango wa pili. Nyumba inayowaka haibishwi. Jirani aliyeona moto, hata kama ni adui, hata kama ni mwanamume na waliomo ndani ni wanawake peke yao, huingia mbio na kupiga yowe, na wote wasikiao ni lazima watoke. Asiyetoka huulizwa kesho yake. Aliyofanya Mohamed Amin Korem ilikuwa yowe. Twadhani hakuna mtu katika karne yake aliyepiga yowe kubwa kuliko lile, nayo ilisikika hata kwa watu ambao hawakujua Ethiopia iko wapi. Wanaomlaumu kwa kuwaonyesha Waafrika katika unyonge wao, na lawama hiyo twaisikia hata leo, wanampima kwa hodi mahali ambapo desturi yenyewe imeiondoa hodi. Hatuungani nao.

Lakini yowe lina upungufu wake. Huita watu, wala halisemi moto ulianzaje. Njaa ile haikuletwa na ukosefu wa mvua peke yake. Vita kati ya serikali ya Addis Ababa na waasi wa kaskazini ilikuwa imefunga njia na kuharibu mashamba, na mambo hayo yalisikika kidogo tu katika kelele ya huruma. Tena sauti tuliyoisikia ilikuwa ya Buerk, Kiingereza kizuri cha huzuni. Watu wa Korem walisikika wakilia. Walilia bila lugha. Maneno yao, ya Kiamhari na ya Kitigrinya, majina yao, vijiji walivyovitoka, mtoto wa nani aliyefungwa pamoja na mama wa nani, hayakuingia. Ndipo tunapokumbuka wapagazi wa Kariakoo, ambao dunia ilijua tu kwamba walikuwa wengi. Buerk hatumlaumu, alisema aliyoyajua kwa lugha aliyokuwa nayo. Twasema tu kwamba picha ikikosa neno la mwenyewe, hutiwa neno la mwingine, na neno hilo la mwingine hukaa miaka mingi kuliko njaa.

Mwaka 1985 alitoa filamu nyingine juu ya njaa ile, African Calvary. Wasomaji wa karatasi hizi watafahamu kwa nini jina hilo limetusimamisha: Mwislamu, mwana wa Punjab na wa Dar es Salaam, filamu yake imebeba jina la kilima walichosulubisha Bwana wetu. Watakuwapo watakaoliona jina hilo kuwa la kuwavuta watazamaji wa Ulaya. Huenda. Sisi hatukuudhika, aliyekwisha kuiona Korem asubuhi alikuwa na haki ya kuazima neno zito kuliko yote aliyoyapata kwa jirani.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa alipokuwa akipiga picha. John Mathai, Mkenya aliyekuwa akichukua sauti, alikufa pale pale, na Mohamed Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alifungiwa mkono wa chuma, akarudi kazini. Wasimuliaji wake hulitukuza jambo hili, nasi twalistaajabia; lakini mwanawe Salim ametoa filamu mwaka 2006, Mo & Me, ambayo katika hiyo ushujaa waonekana kutoka upande wa wale waliobaki nyumbani wakingoja. Ni kazi ya upendo, wala haifichi kwamba baba aliyeingia katika nyumba za watu wote alikuwa mgeni katika ya kwake. Ambaye hakusoma kitabu hata kimoja juu ya Mohamed Amin, na aanze na filamu hiyo. Mwana ameuliza yale maswali ambayo baba hakuwauliza wavuvi.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, pamoja na Brian Tetley, mwandishi aliyeshirikiana naye miaka mingi na kuandika habari za maisha yake. Vijana watatu waliiteka ndege, wakataka ipelekwe Australia. Mafuta yakaisha juu ya visiwa vya Komoro. Waliookoka walisema kwamba Mohamed Amin alikuwa amesimama akisema na watekaji mpaka mwisho. Ndege iliangukia maji ya kaskazini ya Ngazija, karibu na pwani, na watu 125 kati ya 175 wakafa, yeye na Tetley wakiwamo. Mgeni mmoja aliyekuwa ufukoni na kamera ndogo aliinua mkono akaipiga picha ndege ikigusa maji kwa ubawa, ikigeuka, ikivunjika. Na picha ile ilizunguka dunia kabla ya jioni ya pili. Watu wa Ngazija na wageni wa hoteli iliyo karibu walikuwa wamekwisha kuingia majini kwa vyombo walivyovipata, wakiwatoa walio hai na wafu, na kuwafunika kwa nguo walizokuwa nazo.